Matundu yenye hariri chini ya migunga karibu na Voi: ni buibui gani huyu, na nifanye nini?

Mfugaji wa Nyika (aliyeuliza)

Ndugu zangu, nawasalimu. Nina kipande cha ardhi nje kidogo ya mji wa Voi, katika ile nyika ya udongo mwekundu ambayo kila aliyepita barabara ya Mombasa anaifahamu, na mwezi huu nimeanza kusafisha sehemu yake ili nijenge zizi la mbuzi. Tulipokuwa tukifyeka vichaka vilivyo chini ya migunga mitatu ya zamani, vibarua waliniita nikatazame matundu matano ambayo hayafanani na ya panya wala ya nyoka tuliyoyazoea. Kila tundu ni la mviringo safi. Lililo kubwa kuliko yote lina upana wa vidole vitatu vilivyobanana, na dogo kabisa halipiti kalamu ya wino. Ndani ya mdomo wa kila tundu kumetandazwa kitu cheupe, chembamba kama shashi, ambacho kinaendelea kushuka mpaka pale jicho linaposhindwa kufuata. Matundu yote matano yamo katika eneo lisilozidi hatua kumi na tano.

Jioni nilirudi peke yangu na tochi. Katika lile tundu kubwa, kama shibiri moja kutoka juu, niliona miguu miwili ya rangi ya kutu, minene kama kidole changu cha mwisho, iliyojaa vinyweleo vifupi vilivyolala kama mahameli. Nilipogusa ukingo kwa kijiti, yule buibui hakukimbilia chini kama nilivyotarajia. Alijiinua, akanyanyua miguu ya mbele, na hapo nikasikia sauti ya mkwaruzo mrefu, kama mtu anayechana kitambaa kigumu polepole. Nakiri kwamba niligeuka nyuma nikidhani kuna nyoka.

Ninaomba mwenye ujuzi anisaidie. Je, huyu ni buibui gani? Kwa nini matundu yawe matano mahali pamoja? Je, ana hatari gani kwa mbuzi na kwa watoto, maana wangu mdogo ana miaka minne na hupita hapo akienda kisimani na dada zake? Vibarua wanashauri nimwage mafuta ya taa katika kila tundu na kuwasha kiberiti. Sijafanya hivyo, na sitafanya kabla ya kusikia kutoka kwenu.

Mwalimu wa Baiolojia, Same

Ndugu Mfugaji, nakushukuru kwa kusubiri, na nakuomba uendelee kusubiri. Kwa jinsi ulivyoeleza rangi ya kutu, miguu iliyo kama mahameli, tundu lenye hariri na hasa ile sauti, mgeni wako karibu hakika ni *Pelinobius muticus*, buibui mkubwa kuliko wote wanaoishi ardhini katika sehemu zetu hizi za kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Nasema mgeni wako kwa mazoea tu, kwa sababu huenda jike uliyemwona alikuwa hapo kabla hujanunua kiwanja hicho. Majike wa aina hii huweza kuishi zaidi ya miaka 20, na jike akishapata mahali panapomfaa hahami hovyo. Hulipanua tundu lilelile kadiri mwili wake unavyokua.

Wataalamu huwaita buibui wa kundi hili kwa jina la nyani. Sababu ni kwamba ncha ya kila mguu ina vitanga vyeusi vya vinyweleo laini, na ukimtazama kwa chini, kwa mfano akiwa nyuma ya kioo, utaona kitu kinachofanana kabisa na vidole vya nyani. Jina lake la kisayansi lina historia ya kuchanganya. Karsch, mtaalamu wa Kijerumani, alimweleza mwaka 1885 kwa jina hilo nililolitaja. Mwaka 1900, Pocock wa Uingereza alimweleza buibui aliyemwona kuwa mpya, akamwita *Citharischius crawshayi*, na kwa zaidi ya miaka 100 vitabu vilitumia jina hilo la pili, mpaka mwaka 2010 Gallon alipoonyesha kwamba wote wawili walikuwa wakimzungumzia mnyama mmoja. Kwa kuwa kanuni hulipa uzito jina lililotangulia, lile la mwaka 1885 likarudi. Ninaeleza haya kwa sababu ukitafuta habari zake utakutana na majina yote mawili, na ningependa usidhani kwamba ni buibui wawili.

Sasa niseme juu ya makazi yake, kwa kuwa hapo ndipo lilipo jibu la maswali yako karibu yote. Huyu si buibui wa kutembeatembea, wala si wa kutega utando baina ya matawi. Maisha yake yote ni shimo. Hulichimba mwenyewe kwa mataya na miguu ya mbele, akibeba udongo kidogo kidogo hadi juu, na tundu la jike mzima huweza kushuka hadi karibu mita 2. Mtu aliyesimama mchana katika nyika ya Voi, jua likiwa utosini na ardhi ikiunguza nyayo, hapati picha ya hali iliyoko mita moja chini ya viatu vyake. Kule joto la mchana na baridi ya usiku haviachani sana, na unyevu ulioachwa na mvua ya vuli, ambayo kwenu ndiyo ya kutegemewa zaidi kuliko masika, hubaki udongoni muda mrefu baada ya majani ya juu kukauka. Hariri uliyoiona huzuia kuta zisibomoke, na pia ni masikio yake, kwa maana panzi akikanyaga ukingoni mtikisiko husafiri katika nyuzi mpaka kwa mwenye nyumba aliyeko gizani.

Tazama pia mahali alipochagua. Umesema chini ya migunga mitatu ya zamani. Mizizi ya mgunga hushikilia udongo, kwa hiyo dari la shimo halianguki, na kivuli cha matawi hupunguza ukali wa jua mdomoni. Nikikisia bila kupaona, naona kwamba pameinuka kidogo kuliko pembeni, maji ya mvua hayatuami, na udongo wake ni ule mwekundu unaokaza ukikauka lakini haupasuki nyufa kubwa. Udongo mweusi wa mfinyanzi hupasuka kiangazi na kuvimba masika, na shimo la mita moja haliwezi kudumu humo. Mchanga mtupu nao humporomokea. Kwa hiyo usidhani kwamba akifukuzwa hapo atahamia popote, eti kwa sababu nyika ni kubwa. Ukubwa wa nyika haumsaidii buibui anayehitaji hatua chache za udongo wa namna moja.

Kuhusu matundu matano, jibu ni kwamba huo ni ukoo. Vitoto vya buibui wengi wadogo hupeperushwa na upepo kwa uzi wa hariri na kutua mbali. Hawa wakubwa wa ardhini hawana desturi hiyo. Vikitoka kwa mama huenda kwa miguu, na havifiki mbali kabla ya kujichimbia. Lile tundu la upana wa kalamu yamkini ni la mwana au mjukuu wa yule mwenye tundu la vidole vitatu. Uzuri wake ni kwamba ukoo unaweza kudumu mahali pamoja muda mrefu sana. Ubaya wake ni kwamba ukiumaliza kwa mafuta ya taa jioni moja, hakuna wa kuja kutoka mbali kushika nafasi, na eneo lile hubaki tupu.

Tabibu wa Kituo, Taveta

Nitajibu upande wa hatari pekee, kwa kuwa huko ndiko kazi yangu iliko.

Buibui huyu hana vile vinyweleo vya kurusha vinavyowasha macho na ngozi, ambavyo jamaa zake wa Amerika hujilindia. Kwa hiyo hutegemea kutisha, na kutisha kukishindwa, huuma. Kuuma kwake huleta maumivu makali, uvimbe, na kwa baadhi ya watu misuli hukaza au hutetemeka, hata kwa siku kadhaa. Chonge zake ni ndefu, kwa hiyo kuna majeraha mawili ya kusafishwa hata ukiiweka sumu kando. Vifo vya watu vilivyothibitishwa kutokana na buibui wa kundi hili havijulikani, na hilo liwatulize wazazi, lakini mtoto wa miaka minne ana mwili mdogo, na akiumwa hapaswi kuachwa nyumbani mpaka kesho.

Akiumwa mtu, osheni jeraha kwa maji na sabuni, wekeni kitambaa chenye maji ya baridi, mtulizeni mgonjwa, kisha mleteni kituo cha afya kilicho karibu. Msichanje kwa wembe, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza, wala msipake mafuta ya taa. Nimepokea watu walioumwa na nge na tandu ambao jeraha la wembe liliwatesa siku nyingi kuliko sumu yenyewe.

Niongeze kwamba kila mtu niliyewahi kusikia habari zake kwamba ameumwa na buibui mkubwa wa shimoni, alikuwa amemchokoza, au ameingiza mkono tunduni. Mwenye kupita njia hana ugomvi naye. Ndugu Mfugaji, kile kijiti chako kilitosha; usirudie.

Mzee wa Mwatate

Wanangu, nimesoma kwa makini, na nina jambo la kueleza kutoka utotoni mwangu, kwa kuwa tuliishi na wanyama hawa kabla ya kujua majina ya vitabuni.

Tulipokuwa tukichunga, wavulana walikuwa na mchezo wa kuwachimbua. Siku moja tulianza asubuhi, tukafuata tundu lililo chini ya kichaka cha miiba. Lilishuka wima kiasi cha mkono wangu mzima, kisha likapinda kukwepa mzizi, likashuka tena. Tulichimba mpaka jua likawa la kichwa, na ng'ombe wakaingia katika shamba la watu, jambo ambalo lilitugharimu viboko. Mwishoni shimo lilifunguka na kuwa chumba kidogo, na hariri ya humo ilikuwa nene hata ukiivuta ilitoka kama kipande cha nguo. Kando yake palikuwa na mabaki ya chakula: mabawa magumu ya mbawakawa, miguu ya panzi, na fuvu la mjusi dogo kama punje ya mahindi. Buibui mwenyewe alikuwa amejibana ukutani. Miguu yake ya nyuma ilikuwa minene kuliko ya mbele na imepinda kidogo, kama ya mtu aliyevaa viatu vya mvua. Hilo sijalisahau.

Mwenzetu mmoja alimtoa kwa koleo la mti akamweka juani juu ya jiwe ili tumtazame. Hakukimbia. Alisogea polepole akitafuta kivuli, na muda si mrefu miguu ikaanza kukunjika ndani, mmoja baada ya mwingine, kama vidole vya mkono unaofumba. Tulidhani amelala. Alikuwa anakufa. Ndipo nilipofahamu kwamba kiumbe yule aliyetutisha kwa sauti na chonge hakuweza kustahimili hata jua ambalo sisi tulikuwa tumelipuuza tangu asubuhi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Mombasa, na alitukataza kuua buibui yeyote kwa ajili ya kile kisa cha pango la Thaur, ambapo buibui alifunga mlango kwa utando wake na maadui wa Mtume wakapita. Wakati ule nilijibu kwamba buibui wa kwetu hafungi milango ya mapango. Leo nisingemjibu hivyo.

Shauri langu, Mfugaji, ni kwamba usichimbue na usichome. Mbuzi hawatadhurika, mbuzi hula vichaka, haingizi pua katika shimo lenye sauti ile. Lakini kwato zao zitalibomoa tundu mkilifanya eneo hilo kuwa mahali pa kulala kundi. Hapo ndipo ningekuwa na wasiwasi, si kwa mbuzi bali kwa buibui.

Kijana wa Mtito

Shikamoo Mzee, na salamu kwa wengine. Je, haiwezekani kuwachimbua kwa uangalifu na kuwahamishia mahali pengine, mbali na zizi? Nimesikia pia kwamba kuna watu wa nje wanaowafuga katika masanduku ya vioo na kuwanunua kwa bei nzuri. Ninauliza kwa nia njema, kwa sababu naona Mfugaji angepata eneo lake bila kuua, na pengine angefidiwa gharama ya kuhamisha zizi.

Mwalimu wa Baiolojia, Same

Kijana wangu, marahaba kwa niaba ya Mzee, na nimefurahi kwamba umeuliza wazi.

Nianze na kuuza. Kwa upande wa Kenya, sheria ya mwaka 2013 ya uhifadhi na usimamizi wa wanyamapori haiishii kwa tembo na kifaru. Kukusanya na kuuza wanyamapori bila kibali ni kosa hata wakiwa wadogo. Mwezi Mei mwaka 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa sababu ya malkia wa chungu waliokusanywa kwa maelfu na kufungwa katika mirija ya majaribio yenye pamba, tayari kusafirishwa ng'ambo kwa wafugaji wa aina hiyohiyo unayoitaja. Hao walikuwa chungu, wadudu ambao malkia mmoja hutaga mayai bila idadi. Jike wa buibui huyu hukua polepole sana, na hupita miaka mingi kabla ya kuwa mama. Ukimwondoa mzima mmoja katika ukoo wa matundu matano, umeondoa kitu ambacho pesa ile haikirudishi.

Kuhamisha nako, ingawa nia ni njema, kuna ugumu ambao Mzee ameuonyesha vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Ile miguu iliyokunjika juu ya jiwe ina maelezo yake. Buibui hunyoosha miguu kwa msukumo wa damu, si kwa misuli peke yake. Misuli yake hukunja, na damu ndiyo hunyoosha. Maji ya mwili yakipungua, msukumo unapungua, na miguu inajifunga. Kwa mnyama wa namna hiyo shimo ni sehemu ya uhai wake, kama gamba la konokono. Ukimweka jioni mahali papya pasipo na shimo, anatakiwa kuchimba ardhi ngumu ya kiangazi kabla jua halijachomoza, huku nguchiro, kenge na nyegere wakiwa njiani. Yuko pia nyigu mkubwa anayewinda buibui, ambaye humdunga mpaka akapooza, kisha humfukia akiwa hai pamoja na yai moja, ili kiluwiluwi wa nyigu apate chakula kibichi. Wakubwa wa aina hii waliozoea kujificha mita moja chini hawana ufundi wa kujilinda juu ya ardhi, isipokuwa ile sauti waliyoisikia jirani zetu, ambayo hutolewa kwa kusugua vinyweleo vigumu vya miguu ya mbele.

Kuna buibui wengine wa ardhini ambao ningekuwa na utulivu zaidi mtu akiniambia amewasogeza. Yule jamaa yake mwingine, *Pterinochilus murinus*, ambaye katika milima ya Usambara ana sura ya rangi ya chungwa inayong'aa, hutulia popote: chini ya jiwe, katika shina lenye tundu, hata katika kichaka, mradi apate mahali pa kufuma hariri yake nyingi. Huyo ni mwepesi na mkali, lakini hafungwi na udongo wa namna moja. Huyu wa rangi ya kutu amefungwa.

Ndugu Mfugaji, ili tuwe na hakika zaidi, nenda usiku mmoja bila kijiti, simama hatua tatu kutoka kwenye tundu, na umulike tochi kwa pembeni. Ukiona macho yanayong'aa kama vitone vya umande katika nyasi, hao ni buibui wawindaji wanaozunguka ardhini, ambao majike wao hubeba kifuko cha mayai nyuma na baadaye vitoto mgongoni. Hao si wakazi wa tundu lako kubwa. Mwenye tundu hatakung'aria macho. Utaona miguu tu ikitokeza ukingoni, imetulia, inangoja. Angalia pia kama fumbatio lake, yaani lile tumbo la nyuma, lina madoa au halina. Wa chungwa ana nyota ya miale mgongoni na madoa tumboni. Huyu wetu ni wa rangi moja, kama udongo uliooka.

Mama Shamba, Moshi

Nina swali fupi na pendekezo. Swali: je, madume wako wapi? Kila mtu hapa anazungumzia majike.

Pendekezo: sisi tulipopata nyumba ya nyuki ardhini katika eneo la kujenga jiko, tulizungushia mawe makubwa ya chokaa ili watoto na mafundi waone mpaka kutoka mbali. Watoto wangu waliheshimu mawe kuliko maneno.

Mwalimu wa Baiolojia, Same

Mama Shamba, madume huishi matunduni kama majike mpaka wanapokomaa. Wakishajivua gamba kwa mara ya mwisho huacha shimo moja kwa moja, na hutembea usiku wakitafuta majike, hasa mvua zinapoanza na ardhi kulainika. Dume ni mdogo na mwembamba zaidi, wala hana ile miguu ya nyuma kama viatu vya mvua. Akifika kwenye tundu hugonga ukingo kwa miguu, ili mwenye nyumba ajue kwamba si panzi. Maisha yake baada ya hapo ni mafupi. Kwa hiyo, Ndugu Mfugaji, ukimwona buibui mkubwa akivuka uwanja wakati wa vuli, huyo ni dume msafiri. Mfunike kwa bakuli, pitisha karatasi ngumu chini yake, mpeleke karibu na ile migunga na umwachie. Hajaja kuishi nyumbani kwako.

Na pendekezo la mawe naliunga mkono kwa moyo wote, ila mawe yasiwekwe juu ya matundu wala karibu sana. Hatua mbili pembeni zinatosha, na majani makavu yaliyo chini ya mti yaachwe, kwa kuwa ndimo mbawakawa na panzi wanamoishi.

Mfugaji wa Nyika (aliyeuliza)

Shikamoo Mzee, na salamu kwenu nyote. Nimerudi baada ya siku tisa kuwaeleza niliyofanya, kwa kuwa mmenipa muda wenu.

Usiku wa pili baada ya maelezo ya Mwalimu nilikwenda na binti yangu mkubwa, aliye darasa la saba. Tulisimama mbali, tukamulika kwa pembeni. Katika nyasi kulikuwa na macho mengi madogo yanayong'aa, na tulimwona mmoja akiwa na vitoto mgongoni vimebanana kama punje za ulezi. Kwenye tundu kubwa hapakuwa na macho yoyote. Palikuwa na ncha za miguu minne ukingoni, imetulia kabisa. Tulikaa kama nusu saa. Mbawakawa mmoja mweusi alikuja akitambaa kutoka upande wa mti, akapanda juu ya hariri, na binti yangu alinishika mkono kwa nguvu kabla hata sijaelewa kilichotokea. Mbawakawa hakuwepo tena. Hatukuona mwendo wowote, tuliona tu kwamba ukingo ulikuwa mtupu, kisha tukasikia mkwaruzo mdogo wa gamba gumu kutoka chini.

Asubuhi niliwapimia vibarua hatua ishirini na tano kutoka mgunga wa mwisho, na tumechimba nguzo za zizi kuanzia hapo, upande ambao udongo ni wa changarawe na hakuna tundu hata moja. Nimepoteza kivuli cha ile migunga, na nitahitaji kuezeka sehemu ya mbuzi kupumzikia mchana, gharama ambayo sikuipanga. Njia ya watoto kwenda kisimani nimeihamishia upande wa pili wa ua. Mawe tuliyapanga jana kwa mzunguko, kama Mama Shamba alivyoshauri, na mwanangu mdogo aliomba aweke la mwisho.

Katika kupanga mawe tuligundua tundu la sita, dogo kuliko yote, jembamba kama mrija wa soda, lenye hariri mpya isiyo na vumbi. Lilikuwa nje ya mstari wetu kwa nusu hatua. Tumeusogeza mstari.